Korongo Aliyezibwa Tundu

Sehemu ya Tisa

Tulipoachana wiki iliyopita, Mizani alikuwa ameipumulia sarafu. Pumzi ikatanda juu ya chuma kama ukungu, na ukungu ulipoanza kukauka, juu ya kichwa cha korongo kikajitokeza kiduara kidogo cheupe.

Najua. Kuna waliopiga simu gazetini kunitukana. "Mtu anapumulia sarafu, halafu mnatuacha hapo?" Samahanini. Leo nalipa deni, lakini nawaonya mapema: wenye machozi ya karibu wasisomee mbele za watu.

Kwa aliyejiunga leo, Mizani ni binti wa sonara. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu hajawahi kumpunja mtu hata chembe. Siku ya harusi yake ya kwanza alichomoa sarafu moja yenye picha ya ndege korongo kwenye kopo la baba yake, akaitoboa kwa keekee, akaitia uzi, akamvisha bwana harusi shingoni. Bwana harusi alikuwa kijana wa kutengeneza saa, na hata leo tunamwita Fundi Saa.

Fundi Saa akaenda kutafuta riziki ugenini, kwenye kiwanda cha kuyeyusha sarafu kuukuu. Pipa la tindikali likapasuka. Ikaja habari kwamba amekufa, mwili hautazamiki, wamekwisha kumzika hukohuko. Mizani alilia mpaka watu wakadhani naye anakwenda. Miaka ikapita. Akaolewa na Mwokaji wa ng'ambo ya barabara, mtu mpole kuliko unga wake, wakajaliwa binti.

Sasa mwanamke asiyemjua, mshonaji mwenye futi ya kupimia shingoni na vipande vya nyuzi kwenye mikono ya gauni, ameiweka juu ya kaunta sarafu ambayo marehemu alizikwa nayo.

"Dada," alisema Mizani, "hii umeitoa wapi?"

"Nimeuliza bei tu."

"Na mimi nimeuliza imetoka wapi."

"Duka hili mnanunua sarafu au mnapeleleza watu?"

Mizani aliigeuza sarafu kuielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa kioo cha kukuzia.

Korongo si fedha tupu, msomaji, usije ukadanganywa sokoni. Nusu yake ni fedha, nusu nyingine ni shaba na nikeli kidogo. Zilipokuwa mpya zilichemshwa kwenye tindikali mpaka shaba ya juu ikatoka, uso ukabaki mweupe, mtu akaapa ni fedha yote. Zikishikwa na mikono ya watu miaka na miaka, ngozi hiyo ya juu inalika. Shaba inaanza kuchungulia pale palipoinuka, kwenye goti la korongo na kifuani.

Serikali ilipogundua kwamba fedha iliyomo ndani inazidi thamani iliyoandikwa usoni, ikazikusanya na kuziyeyusha. Za mwaka wa mwisho wa kutengenezwa zilinusurika chache mno, na wakusanyaji wanazitafuta kwa tochi mchana. Lakini wanaitaka nzima. Ukiisugua ing'ae, umeiua. Ukiitoboa, umeizika kabisa. Itauzwa kwa uzani, tena uzani wa nusu fedha.

Na Mizani, bibi harusi asiyejua kusoma miaka ya sarafu, katika kopo zima alichagua ya mwaka huohuo akaipiga keekee. Baba yake alinuna wiki nzima. Mapenzi nayo yana gharama zake.

Aliyeizamisha keekee ile alikuwa na mkono unaotetemeka kwa furaha, kwa hiyo tundu lilikwenda upande. Halikuwa duara kamili, lilikuwa kama punje ya dengu. Na kiduara cheupe kilichokuwa chini ya kioo cha Mizani kilikuwa na umbo hilohilo.

Kwa hiyo sarafu ni ileile. Mtu ameziba tundu.

Lakini ameziba kwa kitu gani? Mzibaji wa kawaida angetia lehemu ya bati. Mzibaji mjanja angeyeyusha fedha na shaba nusu kwa nusu ili rangi zilingane, na Mizani asingeona kitu mpaka kiama. Huyu alikuwa ametia fedha tupu. Sarafu nzima ilikuwa imeiva rangi ya chai ya maziwa, kiraka kimebaki cheupe peke yake.

Hakuna fundi mwenye akili anayefanya kosa hilo. Isipokuwa mmoja. Yeye aliapa ujanani, mbele ya babu yake aliyemfundisha kazi, kwamba mkono wake hautatia shaba kwenye fedha hata akifa njaa. Watu walimcheka kwa kiapo hicho, naye akazidi kukishikilia.

Mtu huyo alikuwa chumba cha nyuma, anapuliza chai.

Sarafu iliyozikwa pamoja na mume wake ilipitaje kwenye meza ya baba yake?

Akaamua kutega mtego. "Nitakupa bei ya sarafu nzima," akamwambia Mshonaji, na akaitaja. Ilikuwa bei ya kununua cherehani mpya ya umeme na chenji ikabaki.

Mshonaji alimeza mate. Kisha akainyakua sarafu yake kutoka kaunta. "Hapana."

"Hapana? Hata hujapatana!"

"Sikutumwa kuuza."

"Ulitumwa kufanya nini basi?"

Mshonaji alitazama viatu vyake. "Kukutazama wewe."

Fikiria, msomaji, ungekuwa wewe.

"Nani amekutuma?" Mizani aliuliza.

"Jirani yangu, tunapanga nyumba moja. Kahamia mwaka huu, katoka mbali. Kaniambia nenda duka la sonara, uliza bei ya hii, usiiuze hata wakikupa duka zima. Halafu mtazame vizuri yule mama anayepima. Kama amenenepa. Kama anacheka na wateja."

"Anaitwaje huyo jirani?"

"Nyumbani tunamwita Kipofu. Hakasiriki. Yeye mwenyewe husema zamani alikuwa fundi saa."

Mizani alishika ukingo wa kaunta. Mizani ya kupimia, ile ya shaba, ikatikisika, sahani zake zikagongana. Mshonaji aliruka kumdaka, lakini Mizani alikuwa tayari ameisimamisha miguu yake.

"Nipe hiyo sarafu," alisema. "Sitaiba. Nakuomba, dada yangu. Dakika moja tu."

Mshonaji alimtazama usoni, akampa.

Chumba cha nyuma kulikuwa na meza ya kazi, tupa na koleo zimepangwa ukutani, na mzee mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kipajini.

"Baba."

"Nini tena? Hata chai haijapoa."

Mizani alimfumbua kiganja, akamwekea sarafu. Mzee hakuitazama. Kidole gumba chake kilikwenda chenyewe juu ya kichwa cha korongo, kikatulia pale kwenye kiraka. Chai ikamwagika mapajani, naye hakushtuka.

"Umeipata wapi hii?" aliuliza mzee.

"Mimi ndiye wa kuulizwa, Baba?"

Mzee aliweka kikombe mezani.

"Baba, uliiziba lini?"

"Mwanangu, kaa chini."

"Nitakaa ukishasema."

Mzee alivua miwani yote miwili. "Alikuja mchana, wewe ulikuwa umekwenda sokoni. Kashikwa mkono na dereva wa lori, uso mzima umefungwa vitambaa. Kule kiwandani walichanganya majina ya majeruhi na ya maiti. Nilipomtambua nilitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie. Akaniziba mdomo kwa mkono wake. Akasema, Baba, unamjua binti yako. Akinikuta hivi atakaa na mimi mpaka azeeke. Ataniongoza kila niendako, na hatanung'unika hata siku moja. Macho yamekwenda, hayarudi. Mwache alie aliyekufa, machozi hayo yana mwisho."

"Na wewe ukakubali."

"Nilikataa."

"Baba!"

"Nilikataa kwanza. Akapiga magoti. Mwanamume mzima, kipofu, anapapasa miguu yangu hapohapo uliposimama wewe. Nilikuwa na binti mmoja, mwanangu. Ulikuwa hujafika hata miaka ishirini na mitano. Nikafikiri kama baba."

"Ulifikiri kama baba," Mizani alirudia. "Nililala kwenye mkeka humu ndani, sili, sinywi. Ukaniletea uji. Ukaninywesha kwa kijiko, Baba, huku unaniambia Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Na ulikuwa unajua yuko hai!"

Mzee alianza kulia. Hakulia kwa sauti, machozi yalitiririka tu kwenye makunyanzi yake na yeye hakuyafuta.

"Nilimzibia tundu," alisema, "aiuze kama nzima, apate pa kuanzia. Sikuwa na kingine cha thamani ndani ya nyumba."

"Hakuiuza."

"Naona."

"Ungetia shaba kidogo tu, Baba. Kidogo tu! Nisingejua mpaka naingia kaburini."

"Nilipima shaba nikaiweka kwenye chungu," alisema mzee. "Mkono ulikataa. Nikaitoa."

Sikilizeni, mimi mwandishi nimejaribu wiki nzima kumchukia mzee huyu. Nimeshindwa. Jaribuni ninyi.

Mizani alichukua mtandio wake kwenye msumari. Mzee alimshika upindo wa gauni.

"Usiende. Una mume sasa. Una mtoto. Ukienda kule utawaumiza watu wanne kwa mpigo mmoja."

"Mtu wa kwanza alikwisha kuumia, Baba. Ulimnywesha uji." Akaurudisha upindo wake taratibu, akatoka.

Barabarani jua lilikuwa kali. Mshonaji alitangulia, Mizani nyuma, wote wawili kimya. Wakapita mbele ya duka la mikate. Mwokaji alikuwa mlangoni anapunga upepo kwa kipande cha boksi, mikono myeupe hadi kwenye viwiko, na binti yao kakaa juu ya gunia la unga anachora kwa kidole.

"Mama Binti!" Mwokaji aliita. "Unafunga duka saa hizi? Au umeokota dhahabu unatukimbia?"

"Namsindikiza mteja. Nakuja."

Mwokaji aliacha kupunga. "Umelia?"

"Tindikali," alisema Mizani. "Imenipanda machoni."

Alilisema neno hilo kabla hajalifikiria. Alipolifikiria, aliharakisha hatua ili mumewe asiuone uso wake.

"Mama, niletee karanga!" mtoto alipiga kelele nyuma yake.

Nyumba ya akina Mshonaji ilikuwa upande wa pili wa mji. Ni nyumba ya ghorofa isiyopigwa rangi, ndoo za maji zimejipanga kwenye ngazi, na kila mlango una pazia lake. Walipanda mpaka juu kabisa. Mshonaji akasimama, akamgeukia.

"Dada, mimi sikuwa najua," alinong'ona. "Nilidhani labda wewe ni dada yake. Kwa nilivyokuona dukani, sasa nimeelewa. Kama unataka kurudi, mimi sitasema kitu."

"Ingia. Zungumza naye kama kawaida. Usimwambie nipo."

"Nimdanganye?"

"Nisaidie tu nimwone kwanza."

Mshonaji akasogeza pazia.

Alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na dirisha. Amekonda. Nusu ya uso wake ilikuwa imekunjamana kama ngozi iliyokaushwa vibaya, na pale palipokuwa na macho kulikuwa na mishono ya zamani. Lakini mikono ilikuwa ileile. Vidole virefu, safi, vimetulia juu ya magoti. Kwenye meza kulikuwa na saa tatu za mezani, zote zinatembea, zote zinasema kitu kimoja. Mizani alijiziba mdomo kwa mtandio.

"Mshonaji, umechelewa," alisema Fundi Saa. Sauti nayo ilikuwa ileile. "Wamekutapeli?"

"Wapi! Bei nzuri mno, kaka. Nimerudi nayo kama ulivyosema."

"Waligundua kwamba ina kiraka?"

Mshonaji alimtupia jicho Mizani. Mizani akatikisa kichwa.

"Hawakugundua."

Fundi Saa akacheka kidogo. "Yule mzee bingwa. Haya, niambie. Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amenenepa?"

"Kiasi."

"Afadhali. Alikuwa mwembamba yule, nilikuwa namwambia siku ya upepo nitamfunga kamba kwenye nguzo." Akasogea mbele kwenye stuli. "Anacheka?"

Machozi ya Mizani yalikuwa yamefika kidevuni, yanadondokea sakafuni. Mshonaji alimtazama, akajikaza.

"Anacheka sana, kaka. Mchangamfu."

"Vizuri. Vizuri sana." Fundi Saa alipangusa viganja vyake kwenye suruali, kama mtu anayejiandaa kunyanyua mzigo. "Sasa nikuulize nililokutuma. Ameolewa?"

Hapo ndipo Mshonaji aliposhindwa. Alimgeukia Mizani, macho yanaomba msaada.

Mizani alifumba macho. Angeweza kutikisa kichwa tena. Mara moja tu, na mwanamume huyu angelala usiku huu akijua bado ana mke. Alimwona Mwokaji na mikono yake ya unga. Alimwona mtoto juu ya gunia. Moyo ulimuuma maumivu ambayo sitajaribu kuyaeleza, kwa sababu aliyewahi kuyapata anayajua na asiyeyapata Mungu amwepushie.

Akaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

"Ameolewa, kaka," alisema Mshonaji. "Na mwokaji mikate. Wana mtoto wa kike."

Saa zake tatu ziliendelea kupiga. Fundi Saa akageuza uso kuelekea dirishani, ambako hapakuwa na lolote kwa ajili yake, na mabega yakamtikisika mara moja.

"Mwokaji," alisema mwishowe. "Basi halali njaa. Na mtoto, anafanana naye?"

"Mtoto ni yeye mtupu."

"Haya. Ndicho nilichokitaka. Sasa najua miaka haikupotea bure." Akainamisha kichwa upande mmoja, akatega sikio. Kisha akasema polepole, "Mshonaji, humu ndani nina saa tatu. Mbona nasikia nne?"

Mizani alikishika kifundo cha mkono wake, lakini alikuwa amechelewa.

Kwenye mkono huo alikuwa amevaa saa ambayo hakuna duka linaloiuza. Enzi za uchumba wao, kijana mmoja asiye na hela ya zawadi alikusanya saa tatu mbovu, akatoa viungo vya hii na vya ile, akaunda moja. Mlio wake haukuwahi kunyooka, ulichechemea. Mwokaji aliikuta mkononi mwa Mizani siku aliyomposa na hajawahi kuuliza habari zake mpaka leo.

"Hiyo ya nne inachelewa," alisema Fundi Saa. "Springi yake imechoka. Mwambie aliyeivaa aisogeze hapa, nimrekebishie. Mwambie sitamuuliza kitu."

Akanyoosha mkono, kiganja juu.

Mizani alianza kufungua mkanda. Vidole vinavyoweza kutenga chembe ya fedha na chembe ya bati vilishindwa kushika kifungo. Akapiga hatua moja kwenda mbele. Akapiga ya pili. Mshonaji alikuwa amejikunja kwenye kona, analia kwa niaba yao wote wawili.

Ndipo wakasikia viatu kwenye ngazi, vya mtu anayepanda mbiombio, na ndoo ikagongwa ikaviringika chini.

"Samahani, mama," ilisema sauti ya mwanamume kule nje kwa mpangaji mmoja, inahema. "Kuna mwanamke kapita hapa na mshonaji? Nimewapoteza pale kona. Alitoka analia, nikaogopa. Ni mke wangu."

Fundi Saa aliisikia kila sehemu ya maneno hayo. Mkono wake ulibaki umenyooshwa hewani kidogo. Kisha ukarudi, taratibu, ukalala juu ya goti.

"Itika," alinong'ona. "Mumeo anakuita."

Viatu vilifika mlangoni, na Mizani alikuwa bado amesimama katikati ya chumba na saa mkononi.